Akiba Haiozi: Majani Makavu katika Majiko Yetu ya Bariadi



Vitabu vya kumbukumbu kama hiki kwa desturi huhifadhi majina ya waliochangia saruji na mabati, picha za kamati zilizotangulia, na habari za sherehe kubwa. Mambo hayo yana haki ya kukumbukwa, na kurasa nyingine zimeyaeleza vema. Sisi tuliombwa kuandika kidogo juu ya historia ya jumuiya yetu katika Bariadi na eneo zima la Simiyu. Baada ya kuketi na kina mama wazee wa hekalu, tuliona ni vema historia hiyo isimuliwe safari hii kutoka jikoni, penye makopo ya majani makavu.

Huenda msomaji akaliona jambo hili dogo. Hata hivyo, hakuna nyumba yetu iliyopata kuishi hapa bila makopo hayo, wala hakuna nyumba ya Kisukuma iliyovuka kiangazi bila akiba ya majani iliyoanikwa juani. Leja za maduka zinaeleza tulichouza na tulichonunua. Makopo ya majani yanaeleza namna watu waliotoka ng'ambo ya bahari walivyojifunza kula katika nchi hii, na ni nani waliowafundisha.

NCHI KAVU MBILI

Wengi wa wazee wetu walitoka Kathiawar, ambayo siku hizi hujulikana zaidi kwa jina la Saurashtra, na wengine walitoka Kutch. Zote ni sehemu za Gujarat zenye mvua ya msimu mmoja. Mvua huanza Juni, ikifika Septemba huwa inaaga, na baada ya hapo ardhi hukauka miezi mingi mfululizo. Watu wa nchi ya namna hiyo hawawezi kutegemea mboga mbichi mwaka mzima. Kwa hiyo walijifunza kuhifadhi. Maharage membamba ya gavar yaliloweshwa katika mtindi wenye chumvi, yakaanikwa, kisha yakakaangwa siku ya haja. Pilipili nazo zilifanyiwa vivyo hivyo. Choroko zilizosagwa zilifinyangwa madonge madogo yaitwayo vadi, yakakaushwa kwa jua. Majani ya uwatu, ambayo sisi huyaita methi, yalikaushwa na kuwekwa kwa ajili ya miezi isiyo na kijani.

Elimu hiyo haikutosha kila mara. Mwaka 1899 mvua ilikosekana katika sehemu kubwa ya magharibi mwa India, na njaa iliyofuata hadi 1900 iliua watu na mifugo kwa wingi. Wagujarati huiita Chhappaniyo, yaani ya hamsini na sita, kwa kuwa ulikuwa mwaka 1956 wa kalenda ya Vikram. Vijana wengi wa Kathiawar na Kutch walipanda majahazi na meli kuelekea Afrika katika miaka iliyoizunguka njaa hiyo. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901, na kutoka hapo meli za ziwani zikawaleta wafanyabiashara hadi Mwanza. Mfanyabiashara mashuhuri Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch, aliyefariki 1916, alikuwa ametandaza maduka yake kuzunguka nchi za ziwa, na wengi walipita njia aliyoifungua. Reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, njia ya pili ikapatikana. Kutoka stesheni, watu walisonga mbele kuelekea Maswa, Meatu na Bariadi wakilifuata zao la pamba.

Walikuta nini? Walikuta nchi kavu nyingine. Hapa mvua huanza kwa kawaida mnamo Novemba na kukoma Mei, kisha kiangazi hutawala kuanzia Juni hadi Oktoba. Mito hubaki michanga, na mchicha wa bondeni hunyauka. Lakini walikuta pia kwamba wenyeji wamekwisha kulitafutia jawabu tatizo hilo, tena kwa ustadi mkubwa. Walikuta vihenge vya nafaka, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na majani ya kunde yaliyotandazwa juu ya miamba yakingoja kuwekwa ndani.

Tena walikuta nafaka wanayoijua. Mwanamke wa Kathiawar aliyelelewa kwa mkate wa bajri aliona bajri hiyohiyo shambani, ikiitwa uwele. Juvar ya kwao ilikuwa mtama wa hapa. Chora ya kwao ilikuwa kunde za hapa. Leo wataalamu wa mimea wanakubaliana kwamba uwele, mtama na kunde asili yake ni Afrika, na vilivuka kwenda India miaka elfu kadhaa iliyopita. Kwa hiyo chakula ambacho wazee wetu walikiona kuwa cha kwao kabisa kilikuwa kimetoka bara hili kabla yao. Walidhani wanafika ugenini, kumbe katika chungu walikuwa na ujamaa wa zamani sana na wenyeji wao.

NSANSA NA UWATU

Ni vema tueleze kazi yenyewe, maana vijana wetu wengi hula bila kujua.

Nsansa ni majani ya kunde yaliyokaushwa. Mama wa Kisukuma huchuma majani machanga wakati wa mvua, kabla mmea haujazaa sana, huyaosha, kisha huyachemsha kwa muda mfupi. Baada ya hapo huyakamua maji na kuyatandaza juani juu ya mwamba safi, mkeka au ungo. Kuchemsha huko hakufanywi bure. Kunazuia jani lisiendelee kuharibika, kunaua mayai ya wadudu, na kulifanya liive upesi siku ya kupikwa. Kwa kuwa karibu sehemu tisa katika kumi za uzito wa jani bichi ni maji, kikapu kikubwa hugeuka kuwa mafungu machache tu, mepesi, yanayokaa hadi mvua nyingine. Mlenda nao hukaushwa, na mara nyingi hutwangwa ukawa unga. Viazi vitamu vina njia mbili: vikimenywa na kukatwa vibichi kisha vikaanikwa, huitwa michembe, vikichemshwa kwanza ndipo vikatwe na kuanikwa, huitwa matobolwa.

Njia ya kina mama wetu ni nyingine. Uwatu hupandwa katika kitalu kidogo uani, na ulimwagiliwa maji yaliyokwisha kuoshea mchele na dengu, kwa sababu maji safi hayakuwa ya kuchezea. Mbegu huota baada ya siku chache, na kwa muda wa mwezi mmoja hivi majani huwa tayari. Huchumwa asubuhi baada ya umande kukauka na kabla mmea haujatoa maua. Hayachemshwi kamwe. Hutandazwa kivulini juu ya kitambaa cha pamba, tabaka jembamba, mahali penye upepo, yakifunikwa kwa kitambaa chepesi kuzuia vumbi na nzi. Wakati wa kiangazi cha Bariadi siku tatu hadi tano hutosha. Jani linalovunjika kwa mlio kati ya vidole limekauka. Linalopinda bado lina maji, na likifungiwa ndani ya kopo litaota ukungu.

Kwa nini tofauti hiyo? Kwa sababu nsansa ni mboga, na uwatu mkavu ni kiungo. Anayekausha mboga anataka shibe na ulaini, kwa hiyo huchemsha. Anayekausha kiungo anataka harufu, nayo harufu hukimbia pamoja na mvuke na huungua kwa jua kali. Kina mama wetu walipoona nsansa ikichemshwa walishangaa, na mama wa Kisukuma walipoona uwatu ukifichwa kivulini walicheka. Kila upande ulikuwa na sababu, na baada ya muda kila upande ulichukua kitu kutoka kwa mwenzake. Zipo nyumba za jirani zetu zinazokausha mboga kivulini siku hizi, kwa kuwa rangi ya jani hubaki na vitamini hupotea kidogo zaidi. Zipo nyumba zetu zisizoweza kumaliza Julai bila nsansa ghalani.

Katika ua huohuo palikuwa na mimea mingine. Mchaichai ulikatwa, ukafungwa vitita na kuning'inizwa. Nanaa, ambayo sisi huiita fudina, ilikaushwa kwa ajili ya chai na kwa tumbo lililovimba. Mrehani mtakatifu, yaani tulsi, ulipandwa mahali pa heshima. Majani yake hayachumwi siku ya Ekadashi, kwa hiyo yaliyochumwa kabla huwekwa, nayo hayahesabiwi kuwa yamechakaa hata yakikauka. Kisha kulikuwa na miti miwili ambayo Kigujarati huipa jina moja: limdo mtamu, wenye majani ya kuungia mchuzi, na limdo mchungu, ambao Waswahili huuita mwarobaini. Majani makavu ya ule mchungu yaliwekwa kati ya nafaka kuzuia wadudu, huko Gujarat na hapa pia. Kotmiri pekee ilikataa kukaushwa. Jani lake likikauka hubaki kama nyasi, kwa hiyo mbegu zake ndizo zilizohifadhiwa. Jina lake lenyewe, kotmiri, limetoka katika lugha yetu likakaa katika Kiswahili, pamoja na majina kama chapati na bajia.

DUKANI NA UANI

Kumbukumbu isiyo na ukweli ni pambo tu, kwa hiyo tuseme na yale yasiyopendeza.

Katika zama za Waingereza, pamba ya Jimbo la Ziwa ilinunuliwa na wafanyabiashara wenye leseni, na wengi wao walikuwa Waasia. Kati ya mkulima na mnunuzi palikuwa na mizani, na juu ya mizani palikuwa na manung'uniko mengi. Wakulima walilalamika kwamba wanapunjwa, na malalamiko hayo ndiyo yaliyosukuma mbele ushirika. Chini ya uongozi wa watu kama Paul Bomani, vyama vya wakulima viliungana, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika uliojulikana kwa kifupi chake VFCU, ambao ulikuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Biashara ya pamba ikatoka mikononi mwa wengi wa wazee wetu. Wapo waliochukia. Leo, tukitazama nyuma, twakiri kwamba mkulima alikuwa na haki ya kutaka kupima jasho lake mwenyewe.

Lakini nyumba ya mwenye duka ilikuwa na pande mbili. Mbele palikuwa na baraza, kaunta na mizani. Nyuma palikuwa na ua, jiko, kamba ya nguo na kitalu cha majani. Wanaume walikutana mbele. Wanawake walikutana nyuma. Mbele kila kitu kilipimwa na kuandikwa. Nyuma, ungo wa majani ya kunde uliingia na kikombe cha mbegu za uwatu kikatoka, wala hakuna aliyepima. Mama mmoja alijua Kigujarati tu, mwingine alijua Kisukuma tu, na Kiswahili chao wote wawili kilikuwa cha kubabaisha. Waliitana ba na mayu, maneno mawili ambayo katika lugha zao yana maana moja: mama.

Jambo jingine halina budi kutajwa. Mikono iliyopika katika majiko yetu mara nyingi ilikuwa ya vijana na wanawake wa Kisukuma walioajiriwa. Wao ndio waliotufundisha nsansa, kwa sababu wao ndio waliojua mboga ipatikanayo Septemba. Katika nyumba nyingine walipika chakula chote lakini wakanywea kikombe kilichotengwa. Desturi hiyo haikuwa ya haki, na tunashukuru kwamba kizazi chetu kimeiacha. Majina yao hayamo katika vitabu vya kumbukumbu vya jumuiya. Yamo katika safu ya mishahara ya leja za zamani, na hapo napo mara nyingi ni jina moja tu la utani. Kama hekalu hili lina deni ambalo halijalipwa, deni hilo ni mojawapo.

MIAKA YA UHABA

Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967. Mwaka 1971 serikali ikatwaa majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi laki moja, na mwaka uliofuata Idi Amin akawafukuza Waasia wa Uganda. Hofu ilienea. Familia nyingi za jumuiya yetu ziliondoka kwenda Uingereza, Kanada na India. Zilizobaki katika miji midogo kama Bariadi zilihesabika kwa vidole.

Waliobaki walikula kama majirani zao, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Ukame wa katikati ya miaka ya 1970, wakati ule ule watu walipokuwa wakihamishiwa vijijini, ulileta unga wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo, ule ambao wazee bado huuita unga wa yanga. Baada ya vita vya 1978 hadi 1979 fedha za kigeni zilikwisha. Sukari, sabuni, mafuta ya kula na vitambaa vilipatikana kwa foleni na kwa mgawo wa kampuni za biashara za mikoa, yaani RTC. Mwaka 1983 serikali iliendesha msako dhidi ya wahujumu uchumi, na mwenye duka alilala akiwaza juu ya kila katoni aliyonayo. Katika hali hiyo, nani angeagiza viungo kutoka India?

Hapo ndipo kitalu cha uani kilipokuwa tegemeo. Kopo la uwatu mkavu liliweza kugeuza mchuzi wa dengu usio na kitunguu, usio na nyanya na wenye tone tu la mafuta, ukawa chakula cha kumkalisha mtu. Dengu na choroko zililimwa hapa hapa, katika udongo mweusi wa mbuga, na mafuta yalipopatikana yalikuwa ya mbegu za pamba yetu wenyewe. Nsansa ya jirani ilikuja uani kama zamani, na safari hii ilipokewa kwa mikono miwili. Uwatu, nanaa na mchaichai vilitoka kwa njia hiyohiyo, kwa sababu chai isiyo na sukari huhitaji harufu.

Kina mama wetu waligundua pia jambo lililowafurahisha. Siku ya Ekadashi wafungao hawali nafaka wala kunde, lakini viazi vitamu na karanga huruhusiwa. Michembe iliyopikwa na karanga, chakula cha kawaida kabisa cha Msukuma wakati wa kiangazi, ilikuwa futari halali ya Ekadashi bila kubadilishwa chochote. Tangu hapo chakula hicho kimekaa katika mfungo wetu, na wageni kutoka miji mikubwa hushangaa kukiona.

Biashara ilifunguliwa tena katikati ya miaka ya 1980. Viungo vikarudi madukani. Lakini wale waliopita katika miaka ile hawakuacha kuanika.

MLO WA SIKU MOJA

Tumeombwa na kina mama tuandike pia namna ya kupika, wasije wajukuu wakarithi makopo wasijue matumizi yake. Tunafuata siku moja ya kawaida.

Asubuhi ni chai ya maziwa. Kipande cha mchaichai mkavu na majani machache ya nanaa hutiwa katika maji yangali baridi, ili harufu itoke polepole, ndipo majani ya chai na maziwa yafuate.

Mchana ni mchuzi wa dengu kwa ugali au kwa mkate wa uwele, rotlo. Mafuta hupashwa moto katika karai, hutiwa mbegu za haradali na jira, na zinapopasuka hutiwa majani makavu ya limdo mtamu. Haya lazima yaanze na mafuta, maana harufu yake hutolewa na mafuta kuliko maji. Uwatu mkavu hufanya kinyume. Huwekwa kiganjani, husuguliwa kwa kiganja cha pili, na hunyunyizwa mwishoni kabisa, dakika chache kabla ya kuepua. Ukitangulia huwa mchungu. Kipimo ni kijiko kimoja cha majani makavu mahali pa vijiko vitatu vya mabichi. Majani huhifadhiwa mazima na kusagwa siku ya kupikwa tu, kwa sababu jani lililosagwa mapema hupoteza nguvu ndani ya miezi michache.

Jioni ni khichdi, yaani mchele uliopikwa na choroko, ambao watu wa pwani huuita mseto. Pembeni yake huwekwa kadhi, mchuzi wa maziwa mgando na unga wa dengu, unaonoga kwa uwatu mkavu kuliko kwa mbichi. Na siku ambayo si ya khichdi, nsansa hulowekwa katika maji ya moto kwa nusu saa, maji ya kwanza humwagwa, kisha hupikwa polepole na karanga zilizotwangwa. Jirani zetu huishia hapo, na ni tamu. Sisi huongeza manjano, pilipili kavu na chembe ya uwatu. Tumewahi kumpakulia mama mzee wa Kisukuma nsansa ya namna hiyo, akaila kimya, kisha akasema ni nsansa iliyosafiri.

YANAYOTUTIA WASIWASI

Tungependa kusema kwamba mambo haya yanaendelea kama zamani. Hayaendelei. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa 2012, Bariadi ikawa makao makuu yake, na mji umekua. Ua zimekuwa maegesho ya magari, na vitalu vimesakafiwa. Uwatu mkavu hununuliwa ndani ya pakiti kutoka India, na nsansa huonwa na vijana wa pande zote mbili kuwa chakula cha wakati wa dhiki. Watoto wetu wanasoma na kufanya kazi mbali. Kati ya kina mama waliokuwa wakianika uwatu wakati wa Azimio, tuliobahatika kuwahoji kwa ajili ya makala haya ni wachache, na mikono yao inatetemeka. Wakiondoka kabla ya kufundisha, pakiti ya dukani haitatufundisha.

Tena hili si suala la kumbukumbu tu. Mvua za eneo letu hazitabiriki, na kiangazi kinaporefuka mboga hupanda bei. Nyumba yenye akiba ya majani ina vitamini na ladha wakati soko ni tupu. Lakini kazi ifanywe kwa uangalifu kuliko zamani. Majani ya kunde yanayoota karibu na pamba iliyopuliziwa dawa yasichumwe kwa kuanikwa. Majani yasiwekwe kando ya barabara yenye vumbi. Sanduku la kukaushia lenye wavu na paa la nailoni, ambalo fundi seremala yeyote anaweza kulitengeneza, hulinda majani kuliko paa la nyumba.

Wasukuma wana desturi ya ngitili. Sehemu ya malisho hufungwa wakati wa mvua ili nyasi zibaki kwa ng'ombe wakati wa kiangazi. Desturi hiyo ilikaribia kupotea, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986 wakati Bariadi ingali sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, uliihuisha kwa kuwasikiliza wazee waliokuwa wakiikumbuka. Nchi iliyokuwa jangwa ikaota tena. Hilo latufundisha kwamba maarifa yanaweza kurudishwa, ilimradi walioyashika wangali hai wa kuulizwa.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo matatu kwa kamati ya hekalu. La kwanza, sehemu ya uwanja wa hekalu itengwe kuwa kitalu cha uwatu, nanaa, mchaichai, tulsi na limdo, na kila nyumba, ya muumini au ya jirani, iwe huru kuchuma. La pili, Jumamosi moja kila mwezi Juni iwe siku ya kuanika, ambapo mayu waje na kunde zao nasi tuje na uwatu wetu, na vijana wa pande zote wakae kati yao na daftari. La tatu linahusu Annakut. Siku inayofuata Diwali tunamtolea Mungu mlima wa vyakula, nayo huangukia mwishoni mwa kiangazi, wakati hakuna jani bichi linalostahili. Tunaomba nsansa iliyopikwa na karanga, bila kitunguu wala kitunguu saumu kama kanuni inavyotaka, iwekwe katika mlima huo kila mwaka, na wale walioitayarisha watajwe kwa majina yao kamili katika kitabu cha kumbukumbu kitakachofuata.

Waswahili husema akiba haiozi. Majani yameweza kukaa katika makopo yetu kutoka mvua moja hadi nyingine, kwa zaidi ya vizazi vitatu, kwa sababu kila mwaka alikuwapo mtu wa kuyaanika. Juni iko karibu, na mbegu za uwatu zipo kwa yeyote atakayepita hekaluni kuziomba.